Sura ya Tano: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri nchini Kongo, ni mji uliowazoea wafadhili. Magari meupe yenye nembo za mashirika hupishana na pikipiki za abiria kwenye Boulevard de Libération, vibao vya miradi vimesimama mitaani, na kazi ya ONG, yaani mashirika hayo, ni ndoto ya vijana wengi waliomaliza chuo. Sababu ya wingi huo inajulikana. Vita vya 1999 hadi 2003 viliua makumi ya maelfu ya watu. Mapigano yaliyoanza upya Djugu mnamo Desemba 2017 yamewatoa makwao watu kwa mamia ya maelfu, Ebola ikapita hapo katikati, na Mei 2021 mkoa ukawekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama familia maskini za vijijini zinahitaji msaada. Linalostahili ubishi ni namna ya kuupima. Ripoti za mashirika huhesabu kilichotolewa: wagonjwa waliotibiwa, vyandarua vilivyogawiwa, madaftari, mabati ya madarasa. Hesabu hizo zina maana yake, ila zinamjibu mfadhili, ambaye anataka kujua pesa zake zimekwenda wapi. Mkulima wa Irumu au Mahagi ana swali jingine: mtoto wake akiugua mwakani, mradi ukiwa umeshafungwa, atampeleka wapi, na nani atakuwepo kumpokea? Sura hii inatetea kipimo cha mkulima. Msaada wa afya na elimu upimwe kwa kinachoendelea kufanya kazi mfadhili akishaondoka, na historia ya Ituri inaonyesha kwamba kinachoendelea ni watu waliofunzwa karibu na kwao, wanaolipwa kwa uhakika, walio ndani ya taasisi wanayoiona kuwa yao.

Ushahidi wa kwanza uko Nyankunde, kilomita zipatazo 45 kusini-magharibi mwa Bunia. Katikati ya miaka ya 1960 misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliamua kuunganisha nguvu hapo na kujenga hospitali moja kubwa, Centre Médical Évangélique, badala ya kila moja kubaki na zahanati yake isiyojiweza. Nchi ilikuwa imetoka kwenye uasi wa Simba wa 1964, uliowaua wamisionari wengi na kuwakimbiza wengine, na upungufu wa matabibu ulikuwa wa kutisha. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 haikuwa na hata daktari mmoja mzalendo mwenye shahada kamili ya udaktari. Wabelgiji walifunza wauguzi na wasaidizi wa tiba, ngazi ya juu wakajiachia wenyewe. Carl Becker, daktari Mmarekani aliyekuwa ametumikia Oicha kwa miongo mitatu, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Nyankunde. Helen Roseveare, daktari Mwingereza aliyewahi kushikwa mateka na waasi, alirudi Kongo mwaka 1966 akasimamia mafunzo ya wauguzi hapo hadi 1973. Kubwa walilolifanya ni kuweka shule na wodi ndani ya uzio mmoja. Mwanafunzi alijifunza kwenye vitanda vile vile ambavyo baadaye angevisimamia, na wahitimu walitawanyika kwenye zahanati za vijijini ambako hakuna daktari wa kigeni angekubali kuishi miaka mingi.

Tarehe 5 Septemba 2002 mpango huo ulijaribiwa kwa ukatili ambao hakuna mwanzilishi angeufikiria. Wanamgambo wa Kingiti pamoja na askari wa APC, jeshi la kundi la waasi la RCD-K/ML, walivamia Nyankunde. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2003, lilikadiria kuwa watu wasiopungua 1,200 waliuawa kwa siku kama kumi, wengi wao Wahema na Wabira, baadhi wakiwa wagonjwa vitandani. Dawa, vifaa vya upasuaji na magodoro viliporwa, majengo yakaharibiwa. Kwa kipimo cha kuhesabu kilichotolewa, kazi ya karibu miaka 40 ilikuwa imefutika. Lakini maelfu walifanikiwa kutoroka, na miongoni mwa waliokimbilia upande wa Oicha na Beni, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, walikuwemo wauguzi na wanafunzi wao. Walipofika walianza kutibu na kufundisha huko huko ugenini. Kazi ya Beni na ya Bunia ilikua kutokana na mtawanyiko huo, na Nyankunde yenyewe ilifunguliwa tena hatua kwa hatua baada ya vita. Hakuna anayeweza kuliita jambo hilo ushindi mbele ya makaburi ya watu wote wale. Ila kwa anayetaka kujua pesa ya msaada ikae wapi, jibu liko wazi: waporaji walichukua kila kilichonunuliwa, wakashindwa kuchukua kilichofundishwa.

Thamani ya ujuzi wa mahali inaonekana vizuri zaidi kwenye kazi ndogo kabisa ya kituo cha afya cha kijijini, yaani chanjo ya surua. Chanjo hiyo huja ikiwa unga mkavu, mara nyingi kwenye kichupa cha dozi kumi, na tangu ghalani hadi kituoni inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, iwe kwenye friji ya umeme wa jua au ndani ya sanduku la barafu lililofungwa nyuma ya pikipiki. Muuguzi akishauchanganya unga na maji yake ana saa sita. Zikipita, kilichobaki kinatupwa. Sasa siku ya kliniki wamekuja watoto wanne. Afungue kichupa apoteze dozi sita wakati hajui lini ataletewa nyingine, au awaambie akina mama warudi wiki ijayo, huku akijua kwamba mmoja wao ametembea saa tatu na hatarudi? Mwongozo unasema mtoto asirudishwe. Lakini kuwapata watoto kumi badala ya wanne kunategemea mambo yasiyoandikwa kwenye mwongozo: soko ni siku gani, mto umejaa au la, familia zipi zimehamia mashambani kuvuna, mhamasishaji yupi anasikilizwa na kina bibi. Muuguzi aliyekaa hapo miaka kumi anayajua yote hayo bila kuuliza. Timu ya miezi mitatu, hata ikiwa na gari zuri na moyo mwema, itaondoka ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuyajua.

Surua hiyo hiyo inatupa ushahidi wa pili, wa kiwango cha taifa. Tarehe 1 Agosti 2018 Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola huko Kivu Kaskazini, ukaenea hadi Ituri, na ulipokwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Dunia iliitikia kwa mamia ya mamilioni ya dola, maabara, ndege na chanjo mpya iliyotolewa kwa watu zaidi ya 300,000. Juni 2019, katikati ya mlipuko huo, Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko mwingine, wa surua, ulioikumba nchi nzima, Ituri ikiwemo. Kufikia Januari 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilihesabu waliodhaniwa kuugua zaidi ya 300,000 na vifo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Ulinganisho huu unahitaji uangalifu. Ebola iliua theluthi mbili ya walioambukizwa, ilikuwa katika eneo dogo zaidi, na bila juhudi zile huenda ingeua wengi mno. Pesa ya Ebola haikupotea bure. Lakini surua ina chanjo tangu 1963, ya bei nafuu, isiyohitaji maabara wala ndege. Ilichohitaji ni muuguzi wa kawaida mwenye friji inayofanya kazi na mshahara unaofika, katika kila kituo, mwaka baada ya mwaka. Hicho ndicho kilichokosekana, kwa sababu fedha za nje hufuata hofu ya walioko nje. Ebola ingeweza kupanda ndege na kufika Ulaya au Marekani, ambako watoto wengi wana kinga ya surua. Mtoto wa Djugu alikufa kwa ugonjwa usiomtisha mfadhili.

Hapa ndipo elimu inapoingia, na si kama mradi wa pili wa kuongezea. Kwenye nyumba ya mkulima, afya na shule hutoka kwenye mfuko mmoja. Hospitali nyingi za Kongo huendeshwa kwa malipo ya wagonjwa, kwa kuwa mshahara wa serikali haufiki au hautoshi, na mama aliyejifungua kwa upasuaji huweza kuzuiliwa wodini mpaka ndugu wamalize deni. Ndugu hao watauza mbuzi, kisha mihogo iliyoko bado ardhini, kisha watatafuta cha kupunguza, na cha kwanza kupunguzwa ni minervali, yaani karo, ya mtoto wa sekondari, mara nyingi wa kike. Muhula ukifika katikati, direkta wa shule anapita madarasani na orodha ya wasiolipa, na majina yanayosomwa ni ya nyumba zilezile zilizouguliwa. Miaka kumi baadaye deni linarudi kwa sura nyingine. Mwaka 1979 John Caldwell, mwanademografia wa Australia, alionyesha kwa takwimu za Ibadan, Nigeria, kwamba elimu ya mama iliathiri uhai wa watoto wake kuliko kipato cha nyumba au kazi ya baba, na tafiti nyingi za nchi nyingine zimeelekea huko huko. Binti aliyetolewa shule kwa ajili ya deni la hospitali ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kuwa mama mwenye madeni ya hospitali.

Uhusiano huo unakwenda pande zote mbili. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 zilizopewa dawa za minyoo kwa awamu kuanzia 1998, na matokeo waliyochapisha mwaka 2004 yalisema utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizotibiwa. Watafiti wengine walizipitia upya hesabu hizo mwaka 2015 na kuzipunguzia uzito, hasa madai ya faida kwa shule za jirani, na mjadala haujafungwa. Ila hata wakosoaji hawakudai kwamba mtoto mgonjwa husoma sawa na mzima. Kwa shirika linalofanya kazi Ituri, maana ya haya ni ya utendaji kabisa: ofisi ya afya na ofisi ya elimu zikiwa na bajeti mbili, magari mawili na orodha mbili za vijiji, kila moja itatibu nusu ya tatizo huku nusu ya pili ikiibomoa kazi yake. Zaidi ya hayo, shule ndiyo inayozalisha wauguzi wa kesho. Kijiji ambamo hakuna binti aliyemaliza sekondari hakiwezi kumpeleka yeyote kwenye chuo cha uuguzi, na kituo chake kitaendelea kungoja mtu wa kutoka mjini, ambaye hataki kuja.

Mfano wa tatu ni wa taasisi iliyozaliwa Bunia kwenyewe. Mwaka 2000, vita vikiwa vimepamba moto, kundi la wanawake akiwemo Julienne Lusenge, aliyeanzia kwenye redio akizungumza na wanawake wa vijijini, waliunda SOFEPADI, shirika la mshikamano wa wanawake kwa ajili ya amani na maendeleo. Walianza kwa kusikiliza na kuandika ushuhuda wa waliobakwa, kisha wakaanzisha mjini Bunia kituo cha matibabu kiitwacho Karibuni wa Mama. Muundo wake unafundisha. Mwanamke aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, na anayetoka kijiji cha mbali hutumia sehemu kubwa ya saa hizo njiani, ikiwa anajua kwamba dawa zipo. Akifika anahitaji tiba, ushauri nasaha, mwanasheria, na kisha njia ya kujitegemea, kwa kuwa mara nyingi mume amemkataa au shamba liko mahali ambapo hawezi kurudi. Kituo kinachoendeshwa na watu wa hapo hapo hukutana na mahitaji hayo kwa mpangilio ambao mwanamke mwenyewe anakutana nayo, si kwa mpangilio wa idara za makao makuu ya ughaibuni. Lusenge alipewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2023, lakini uzito wa kazi hiyo uko kwenye jambo la kawaida zaidi: wafadhili wamekuja na wengine kuondoka, na mlango wa Bunia umebaki wazi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii linatoka kwa wanaookoa maisha wakati wa moto, nalo ni zito. Mei 2003 Bunia ilipokuwa ikipiganiwa mtaa kwa mtaa, hakuna aliyekuwa na miaka mitatu ya kufunza wauguzi. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walifungua hospitali kwenye jengo lililoitwa Bon Marché, wakapasua majeruhi na kuwatibu maelfu ya waliobakwa katika miaka iliyofuata. Kudai kwamba wangengoja kwanza taasisi za wenyeji zikomae ni ukatili. Nakubali kabisa. Ila kazi ya dharura ina mwisho wake, nao hauamuliwi na mahitaji peke yake. Juni 2005 wafanyakazi wawili wa MSF walitekwa nyara, na shirika likasimamisha kazi nje ya mji. Oktoba 2021 gari lao lilishambuliwa huko Djugu, na mwaka uliofuata likafunga miradi yake ya Nizi na Bambu. Machi 2024 mgonjwa aliuawa kitandani katika hospitali ya Drodro, na timu ikaondolewa tena. Halaumiwi anayewatoa watu wake kwenye risasi. Linalofuata ndilo linalonihusu: kila timu ya nje ilipoondoka, mzigo uliwarudia wauguzi wa eneo la afya, waliokuwa wakilipwa kidogo kuliko madereva wa mashirika. Msaada wa dharura usiowaacha wauguzi hao wakiwa na nguvu zaidi kuliko ulivyowakuta umefanya nusu tu ya kazi yake.

Pingamizi la pili linasema kwamba shule na hospitali ni wajibu wa serikali, na kila shirika linaloziba pengo huipa serikali ruhusa ya kutolijaza. Ituri ina dhahabu inayochimbwa tangu ilipogunduliwa Kilo mwaka 1903, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara nyingi jinsi dhahabu hiyo inavyovushwa kimagendo hadi Uganda. Mkoa wenye mali kama hiyo, wanasema, hauhitaji sadaka, unahitaji ushuru ukusanywe. Ni kweli, na shirika lisilosema hivyo hadharani linashiriki katika uzembe. Ila historia haioneshi serikali ikijaza mapengo yanapoachwa wazi. Mwaka 1974 Rais Mobutu alizitaifisha shule za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia saini mkataba wa kuzirudisha chini ya usimamizi wa makanisa, kwa kuwa ilishindwa kuziendesha. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mishahara ya walimu kwa kile kilichoitwa primu. Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba elimu ya msingi ni bure, kama katiba ya 2006 inavyoagiza, na watoto walifurika madarasani. Huo ni ushahidi kwamba ada ndiyo iliyokuwa imewafungia nje. Lakini walimu wengi hawakuwa kwenye orodha ya mishahara, na sekondari ikabaki ya kulipia. Ahadi ilikuwa nzuri, fedha hazikutosha.

Njia ya kati ipo, na Kongo iliwahi kuipita. Mwaka 1981 Kanisa la Kristo nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kwa fedha za Marekani, lilianza mradi wa afya vijijini ulioitwa SANRU. Haukujenga mfumo sambamba. Ulichukua maeneo ya afya ya serikali, ukazipa hospitali za misheni dhamana ya kuyasimamia, kufunza wauguzi wake na kugawa dawa, hadi maeneo yapatayo 100 yakawa ndani ya mpango huo, katika nchi iliyogawanywa maeneo 306. Fedha zilikatwa mwaka 1991 wakati nchi ilipoporwa na askari wake wenyewe, na mengi yakaanguka. Hata hivyo mgawanyo wa maeneo ya afya umebaki hadi leo, na Wizara bado inapanga kila kitu kwa kuufuata. Shirika linalofanya kazi ndani ya mfumo wa umma, likifunza wauguzi walio kwenye orodha yake na kujaza daftari zake, linaipa serikali kitu cha kurithi. Linalojenga kituo chake pembeni, chenye dawa zake na mishahara yake, litaiachia jengo tu.

Pingamizi la tatu ni la wanaoogopa wenyeji wenyewe. Taasisi ya mahali, wanasema, ina kabila, ina ndugu wa mkurugenzi, ina siasa za kanisa. Katika mkoa uliogawanyika kati ya Wahema, Walendu, Wangiti, Wabira, Waalur na wengine, mgeni ndiye pekee anayeaminika. Hofu hii haitokani na ndoto. Lakini ugeni peke yake haujawa kinga. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 wanawake wengi walisema walidaiwa ngono na wafanyakazi wa misaada ili wapewe kazi. WHO iliunda tume huru iliyoongozwa na Lusenge pamoja na Aïchatou Mindaoudou wa Niger, na ripoti yake ya Septemba 2021 ilitaja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa waajiriwa wa WHO yenyewe. Ukubwa wa shirika na wingi wa miongozo yake havikuwalinda wanawake hao. Kilichowaumiza ni mkataba wa miezi michache, mshahara unaozidi wa mji mzima, na bosi ambaye kesho yuko nchi nyingine asikofikiwa na mahakama wala mashemeji. Anayeajiri watu wa mtaani kwake kwa miaka ishirini anaweza kuwa mwizi au mbaguzi, ndiyo, ila anajulikana nyumbani kwake, na bodi, waumini, wazazi na wauguzi wenzake wanaweza kumbana. Dawa ya upendeleo ni hesabu zinazosomwa hadharani na usimamizi uliochanganya jamii, kama misheni zilivyochanganya makanisa yao Nyankunde, badala ya kumwondoa mwenyeji kwenye kiti.

Linabaki pingamizi gumu kuliko yote. Hata taasisi ninazozisifu zinakula kutoka mikononi mwa wageni, na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilitoa karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Januari 2025 serikali mpya ya Washington ikasimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, likawa limefungwa. Dawa zikapungua, mikataba ikavunjwa, na mashirika ya wenyeji yaliumia sawa na ya kigeni, pengine zaidi. Je, hilo halithibitishi kwamba tofauti ninayoichora ni ya maneno tu? Sidhani. Linathibitisha kwamba fedha zitakatika, na kwamba anayetoa leo anapaswa kutoa akijua hivyo. Shirika likiwa limetumia fungu lake kukodi magari na kuleta wataalamu, siku ya mwisho huondoka na vyote viwili. Likiwa limelipia masomo ya wakunga, siku ya mwisho wakunga wapo, hata kama wanalipwa kwa kuku na mihogo. Ufukara wa kituo chenye mkunga na ufukara wa kituo kisicho na mtu si kitu kimoja, na mama aliye katika uchungu usiku haambiwi tofauti hiyo, anaijua.

Kutokana na haya yote, swali la kuliuliza shirika lolote linalokuja Bunia na mpango wa kutibu na kusomesha maskini wa vijijini linakuwa rahisi kuliko kurasa za mpango wenyewe. Lioneshe ni nani wa Irumu, Djugu, Mahagi, Aru au Mambasa atakayekuwa na ujuzi asiokuwa nao leo, mshahara wake utatoka wapi mwaka wa kwanza baada ya mradi, na jina lake liko kwenye orodha ya taasisi gani itakayokuwepo. Jibu si lazima liwe moja kwa kila kazi. Kwa upasuaji wa majeruhi jibu linaweza kuchelewa, kwa chanjo na kwa shule halina sababu ya kuchelewa. Wafadhili nao wakubali kulipia mambo yasiyopigwa picha: posho ya mwanafunzi wa uuguzi, mafuta ya pikipiki ya chanjo, minervali ya binti aliye kidato cha mwisho, mshahara wa mhasibu mwaminifu, kwa mikataba ya miaka kumi badala ya miezi kumi na minane. Idadi ya waliohudumiwa itakuwa ndogo kwenye ripoti ya mwaka wa kwanza, na itakuwa bado inaongezeka miaka mingi baada ya ripoti hiyo kusahauliwa. Mfadhili asiyeweza kuvumilia hesabu ya namna hiyo ana kazi ya kufanya kwenye dharura, na aifanye vizuri. Shule na zahanati za vijijini amwachie mwenye subira.